Tupande Juu au Tutawanyike?



Baada ya Idi, kijana wangu wa pili, ambaye ana mke na watoto wawili, alinijia na karatasi mkononi. Alikuwa amechora ghorofa ya ziada juu ya nyumba yetu. "Baba," aliniambia, "badala ya kwenda kujenga Barka, nipe ruhusa nijenge juu yako." Ruhusa yangu aliipata pale pale. Mhandisi tuliyemwita ndiye aliyetutanabahisha kwamba haitoshi: katika mtaa wetu, kama ilivyo katika mitaa mingi ya makazi hapa Maskati, mtu hapiti nyumba ya chini, ghorofa moja na vyumba vichache juu ya dari.

Kanuni za ujenzi za Baladia, zilizotolewa mwaka 1992, ziliweka mipaka ya kimo na ya masafa baina ya nyumba na nyumba. Wala sizilaumu. Katika zama za marehemu Sultan Qaboos mji huu ulilelewa kwa utaratibu, majumba meupe na mafupi, hata leo jabali unaliona ukiwa barazani. Mnara mkubwa wa Jamii ya Sultan Qaboos, iliyofunguliwa mwaka 2001, una kimo cha mita 90 hivi, na unaonekana kutoka mbali kwa kuwa hakuna kilichousonga. Atokaye Dubai, penye jengo la mita 828, akifika hapa hushusha pumzi.

Lakini lililo kubwa zaidi ni stara. Ibn al-Rami, fundi mjenzi wa Tunis katika karne ya 14, alikusanya hukumu za mafakihi juu ya majengo, na dirisha linalochungulia kwa jirani ni miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia. Nami nimeyaonja. Nyuma yetu, kwenye barabara kuu ambako kanuni ni nyingine, limesimama jengo la maduka na fleti. Mama watoto, aliyekuwa akikaa uani kila alasiri bila ya buibui, sasa ametundika turubai. Hakuna aliyevunja sheria. Ila ua umekufa.

Hata hivyo, ufupi nao una gharama yake. Tangu 1970 mji umejinyoosha pwani hadi Seeb na zaidi. Mwomani akitimiza miaka 23 huweza kuomba kiwanja, na tangu 2008 wanawake wana haki hiyo sawa na wanaume. Neema kubwa, lakini viwanja vyenyewe huzidi kuwa mbali. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilituonesha ni nyumba ngapi zilizokaa kwenye njia ya mabonde. Sisi tuliotoka Unguja tulizoea Mji Mkongwe, bibi chini na mjukuu juu, ngazi moja. Leo mjukuu akitaka kuniona lazima apakiwe garini.

Sasa milango imeanza kufunguliwa. Mji wa Sultan Haitham, uliotangazwa mwaka 2023 huko Seeb kwa ajili ya watu 100,000, una fleti pamoja na majumba. Ni vyema, lakini mitaa ya zamani nayo ifikiriwe. Siombi minara. Michenzani ilitufunza kwamba kuwapandisha watu juu si sawa na kuwapa makazi. Naomba ghorofa moja tu, kwa mtoto wa mwenye nyumba, msingi ukishapimwa, maegesho yakiwa ndani ya kiwanja, na dirisha la upande wa jirani likiwa juu ya macho ya mtu aliyesimama.

Jirani yangu wa upande wa kibla nilipomweleza aliuliza neno moja tu: "Madirisha yataelekea wapi, Mwalimu?" Kijana ameichora upya karatasi yake, na upande ule ameacha ukuta mtupu. Jumapili tutaipeleka Baladia, ingawa mhandisi ametuambia tusitarajie.