Kumnyima Mpinzani Vita Aliyoijia

Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyebandikwa jina la Nyundo, aliingia Uhehe mwaka 1891 akiwa na askari wapatao 320, bunduki za kisasa, bombomu na mizinga. Katika uwanja wa wazi, jeshi la mikuki lisingemkaribia.

Wahehe, chini ya mtawala wao Mtwa Mkwawa, hawakumpa uwanja huo. Asubuhi ya Agosti 17 walijibanza vichakani kando ya njia, pale Lugalo, wakauacha msafara uingie ukiwa umejipanga mstari mmoja mrefu. Bunduki ya ishara ilipolia, wakaibuka. Silaha inayoua kutoka mbali haimsaidii sana mtu ambaye mkuki umeshamfika kifuani, na askari wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Mizinga ilikuwa bado migongoni mwa punda. Punda wakataharuki, wakaivuruga safu. Mapigano makali yalidumu kama dakika kumi. Wazungu kumi waliuawa, Zelewski akiwamo.

Watu husifu ushujaa wa siku ile, na unastahili. Lakini hesabu yake ndiyo ya kustaajabisha zaidi: nguvu za Wajerumani zilihitaji umbali na muda wa kujipanga, na vyote viwili walinyimwa.

Hesabu hiyohiyo hufanya kazi hata pasipo damu. Katika mbio za mita 1500 za miaka ya 1970, wakimbiaji wengi walikwenda kwa kuviziana, kila mmoja akitunza pumzi kwa ajili ya kufyatuka mwishoni. Filbert Bayi wa Tanzania hakuwasubiri. Huko Christchurch, Februari 2, 1974, alichomoka tangu mwanzo, na waliotaka kumfuata wakalazimika kuitumia mapema ile akiba waliyoitegemea. John Walker wa New Zealand alimkaribia mwishoni, lakini Bayi alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili.

Tatizo ni kwamba mbinu ikishaonekana, mpinzani naye hujifunza. Wajerumani waliporudi Oktoba 1894, Mkwawa aliweka tegemeo lake kwenye kuta za mawe za boma la Kalenga. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo alipowapa kile alichowanyima Lugalo: shabaha isiyohama, na nafasi ya kupanga mizinga wapendavyo. Boma lilianguka. Mkwawa alitoroka, akarudia vita vya kuvizia na kuwasumbua hadi 1898.

Bayi naye, kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, alitangulia mbali katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Bronisław Malinowski wa Poland hakubabaika. Alishika mwendo wake mwenyewe, akamwacha Bayi achoke, kisha akampita katika mzunguko wa mwisho. Bayi alirudi Tanzania na medali ya fedha.