Gari Chini, Penzi Juu?

Dada, jamaa yako kapata gari, na wiki ya pili tu anataka kulishusha. Likipita mtaani lionekane limelala, watu wageuke. Sawa, kila mtu na fasheni yake. Ila muulize swali moja: linashushwaje?

Njia ya bei poa ni kukata springi kwa grainda. Hapo ndipo balaa linapoanza. Springi ikifupishwa inakuwa ngumu, na shokapu za zamani hazikutengenezwa kwa urefu huo, hivyo kwenye kila shimo zinagonga mwisho. Mbaya zaidi, tairi likining'inia, springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake. Na wewe uko kiti cha mbele, mtoto yuko nyuma.

Anayetaka kweli anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, pamoja na shokapu zake, kisha apige alaimenti. La sivyo matairi yatalika upande mmoja.

Wenzetu wa Marekani walishakutana na ubishi huu. California ilipiga marufuku magari yenye bodi iliyo chini kuliko rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga haidroliki kwenye Corvette yake: akitaka linashuka, akiona polisi linapanda!

Kwa hiyo usinune. Kaeni, pigeni hesabu pamoja, na asiguse springi kabla hamjakubaliana. Mapenzi nayo ndivyo yalivyo: kuna pa kushuka, lakini kwenye tuta lazima upande.