Waruinge au Wangila?

Hapa Nyansiongo, wakulima wakingoja chai yao ipimwe, ubishi wa ndondi hauishi. Vijana humtaja Robert Wangila, na wana haki: Seoul, 1988, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika ndondi za Olimpiki.

Mimi ni wa Philip Waruinge, na sibanduki.

Rekodi ya bondia haisomwi kwa kuhesabu dhahabu tu. Uliza alipigana na nani, wapi, na alishindwaje. Mexico, 1968, Waruinge alitolewa nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji, kwa kura 3 za majaji dhidi ya 2. Akarudi na shaba, lakini pia na Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote kwenye mashindano yale. Wa shaba, jamani! Munich, 1972, fainali, Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti akampita kwa 3-2 tena. Jaji mmoja kila mara. Ongeza dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, 1966 na 1970.

Baadaye alipigana ngumi za kulipwa Japani, bila kupata mkanda wa dunia. Hilo ni doa, sikatai. Wangila naye alifariki 1994 baada ya pambano Las Vegas, kabla hatujamwona akikomaa.

Kwa usiku mmoja, nipe Wangila. Kwa maisha ulingoni, Waruinge.