Pumu Inapobana: Mashine au Chupa?

Mtu aliyebanwa na pumu humtambua mara moja. Kifua kinalia kama filimbi. Mabega yanapanda na kushuka. Mirija ya hewa ndani ya mapafu imekaza na kuvimba, na hewa inapita kwa shida.

Dawa ya kulegeza mirija hiyo inaitwa salbutamoli. Ipo ya vidonge na ipo ya kuvuta kwa pampu. Ya kuvuta ni bora. Inafika mapafuni moja kwa moja, na huanza kazi kwa dakika chache. Kidonge hukawia, tena hufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke.

Hospitali nyingi zina mashine inayogeuza dawa hiyo kuwa ukungu. Watu huiamini sana. Wengine wana pampu nyumbani, lakini hawaitumii. Wanatafuta gari la kwenda kwenye mashine. Hilo ni kosa kubwa! Pampu ikitumiwa pamoja na chupa husaidia sawa na mashine, isipokuwa kwa mgonjwa aliye mahututi.

Chupa gani? Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walitoa habari za jaribio lao. Watoto waliobanwa na pumu walivuta dawa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Walipata nafuu sawa na waliotumia kifaa cha kununua. Kikombe chepesi cha plastiki hakikufaa hivyo.

Tengeneza chupa leo, kabla kifua hakijabana. Toboa kitako chake kwa waya wa moto. Tundu lilingane na mdomo wa pampu. Osha chupa kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute. Chomeka pampu, ziba pembeni kwa plasta.

Tikisa pampu. Mgonjwa abane mdomo wa chupa kwa midomo yake. Bonyeza mara moja tu, naye avute na kutoa pumzi polepole mara tano. Kisha tikisa, bonyeza tena. Wengi hukosea hapa. Hubonyeza mfululizo, dawa ikaishia kwenye kuta za chupa. Fanya hivyo mara 4 hadi 10. Kama bado amebanwa, rudia baada ya dakika 20, huku mkienda kwa mganga.

Asiyeweza kumaliza sentensi, anayesinzia, au aliyegeuka rangi ya majivu midomoni, apelekwe hospitali upesi. Avute dawa njiani. Huko atapewa oksijeni, na ataongezewa ipratropiamu ya kuvuta. Dawa hizi mbili pamoja hupunguza idadi ya wanaolazwa. Atapewa pia prednisoloni.

Kabla ya kurudi nyumbani, muulizeni mganga dawa ya kuvuta kila siku ya kupunguza uvimbe. Salbutamoli hulegeza mirija tu. Uvimbe huuacha palepale.