Rangi katika Skrini ya Rada ya Mwongozaji Pepe wa Ndege: Mwangaza Kwanza, Aina ya Rangi Baadaye

Ikisiri

Programu zinazotumiwa na wapenzi wa uongozaji pepe wa ndege humruhusu mtumiaji kubadili karibu kila rangi ya skrini ya rada. Makala hii inaeleza jinsi rangi hizo zinavyohifadhiwa na jinsi zinavyoonekana na jicho. Inadai kwamba kipimo cha kwanza cha mpangilio wa rangi ni tofauti ya mwangaza, na kwamba kigezo cha uzuri kinapaswa kufuata nyuma yake. Mfano mkuu ni skrini ya anga la Entebbe, ambako Ziwa Viktoria huchukua sehemu kubwa ya ramani. Mwishoni yanajadiliwa majina ya rangi kwa Kiswahili na nafasi yake katika mafunzo.

1. Utangulizi

Uongozaji pepe wa ndege ni shughuli ya kujitolea. Mtu aliye nyumbani kwake huongoza, kwa sauti na kwa maandishi, ndege zinazorushwa na watu wengine katika programu za uigaji kama Microsoft Flight Simulator na X-Plane. Mitandao miwili mikubwa ya shughuli hii ni IVAO, iliyoanza mwaka 1998, na VATSIM, iliyoanza mwaka 2001. VATSIM ina kitengo cha Afrika kusini mwa Sahara, na kwa sababu hiyo kijana wa Kampala au Mwanza anaweza kufunzwa kuongoza anga analoliona juu ya kichwa chake kila siku. Hakuna ndege ya kweli inayotegemea kazi hiyo. Hata hivyo taratibu, lugha ya redio na mpangilio wa skrini huigwa kutoka katika kazi ya kweli, na kwa vijana wengi wa ukanda wetu hapa ndipo mahali pa kwanza, pengine pa pekee, wanapoketi mbele ya skrini ya rada.

Suala la rangi laweza kuonekana dogo. Wapo wanaolichukulia kama suala la mapambo, sawa na kuchagua picha ya kuweka kwenye simu. Mtazamo huo haukubaliki. Skrini ya rada hupanga usikivu wa mtu: humwonyesha cha kutazama kwanza, cha kusubiri, na cha kupuuza. Rangi ikipangwa vibaya, mwanafunzi huchoka mapema, huikosa ndege iliyotangaza dharura, na huondoka akiamini kwamba kazi hii ni ngumu kuliko ilivyo.

2. Rangi zilivyofika kwenye rada

Rada za mwanzo hazikuwa na rangi za kuchagua. Mwale ulizunguka juu ya kioo chenye unga wa fosfori, na kila ndege iliacha doa lililofifia polepole. Madoa hayo yalikuwa hafifu, hivyo waongozaji walifanya kazi katika vyumba vya giza. Skrini zenye rangi na mwangaza wa kutosha zilipopatikana, taa za vyumba ziliweza kuwashwa, na mandharinyuma meusi yakaanza kuwa tatizo kwa sababu yaliakisi kila kitu chumbani kama kioo cha kujitazamia. Katika miaka ya 1980 na 1990 shirika la EUROCONTROL lilifanya mfululizo wa majaribio yaliyojulikana kama ODID, ambamo mandharinyuma ya kijivu yalitumiwa na rangi ya lebo ya ndege ikapewa kazi ya kuonyesha hali ya ndege hiyo kwa mwongozaji: haimhusu bado, inakuja kwake, ameipokea, au anaikabidhi kwa mwenzake.

Marekani ilifuata njia nyingine. Katika mfumo wa STARS, unaotumiwa na waongozaji wa maeneo ya viwanja, ndege ambayo mwongozaji anaimiliki ni nyeupe na ya mwenzake ni kijani. Mwongozaji hachagui rangi. Anachoweza kurekebisha ni ukali wa mwanga wa kila kundi la taarifa: ramani, lebo, alama za mahali, mvua na mengineyo. Programu zinazoiga STARS kwa wapenzi wa uongozaji pepe zimeuhifadhi utaratibu huo. EuroScope, ambayo hutumika sana Ulaya na sehemu nyingi za dunia, imefuata fikra ya Ulaya na kumwachia mtumiaji karibu kila kitu. Tofauti hii ina maana kubwa. Mfumo wa kwanza unamkinga mwanafunzi dhidi ya makosa yake mwenyewe. Wa pili unamwamini, lakini haumfundishi.

3. Namba iliyo nyuma ya rangi

Rangi ya skrini ni mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikipewa kiwango cha kati ya 0 na 255. Katika faili za ramani za anga zinazotumiwa na programu hizi, viwango vitatu huunganishwa kuwa namba moja: kiwango cha nyekundu hubaki kama kilivyo, cha kijani huzidishwa kwa 256, cha buluu huzidishwa kwa 65,536, kisha vyote hujumlishwa. Kijivu cha katikati, chenye 128 katika kila rangi, huwa 8421504. Nyeupe kamili ni 16777215.

Mpangilio huu ni kinyume cha ule wa kurasa za intaneti, ambako nyekundu ndiyo yenye uzito mkubwa katika namba. Anayenakili rangi kutoka katika programu ya michoro bila kulijua hilo hupata matokeo ya ajabu. Tuchukue rangi ya chungwa yenye nyekundu 255, kijani 165 na buluu 0. Kwa hesabu sahihi ya faili ya anga ni 42495. Kwa mpangilio wa intaneti ni 16753920, na namba hiyo ikiwekwa katika faili ya anga huonekana kama samawati inayong'aa. Rangi iliyokusudiwa kuonya hugeuka rangi ya anga tulivu, na programu haitoi taarifa yoyote ya kosa, kwa kuwa kwa upande wake namba zote mbili ni halali.

4. Mwangaza kabla ya aina ya rangi

Jicho la mwanadamu halizipi rangi tatu uzito sawa. Katika kanuni ya kukokotoa mwangaza inayotumika kwa skrini za kawaida, kijani huchangia asilimia 71.52, nyekundu 21.26 na buluu 7.22 tu. Zaidi ya hayo, sehemu ya katikati kabisa ya retina, tunayoitumia kusoma herufi ndogo, karibu haina seli zinazohisi buluu. Ndiyo maana maandishi madogo ya buluu juu ya weusi huonekana kana kwamba yanayeyuka.

Mwongozo wa W3C kuhusu ufikikaji wa kurasa za intaneti hupima utofauti kwa kugawa mwangaza wa rangi ing'aayo zaidi kwa mwangaza wa ile nyingine, baada ya kuongeza 0.05 kila upande. Kwa maandishi ya kawaida hudai uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya rada, lakini ni kipimo ambacho yeyote anaweza kukikokotoa, na hilo kwetu ni faida. Juu ya mandharinyuma meusi kabisa, kijani kamili hupata 15.3, nyekundu kamili 5.25, na buluu kamili 2.44. Mtu akihamia kwenye kijivu kilichokolea chenye 51 katika kila rangi, nyeupe bado hupata 12.6 na kijani 9.2, lakini nyekundu hushuka hadi takribani 3.2.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu nyekundu ndiyo ambayo kwa mazoea hutengewa dharura: ndege inayotuma msimbo wa 7700, iliyopoteza redio kwa 7600, au iliyotekwa kwa 7500. Mtu anayebadili weusi kuwa kijivu ili kupumzisha macho, na kuacha nyekundu kama ilivyokuwa, ameififisha taarifa muhimu kuliko zote bila kuigusa. Tiba si ngumu: nyekundu iongezwe mwanga. Yenye viwango 255, 120 na 120, ambayo katika faili ni 7895295, hurudisha uwiano hadi karibu 4.9. Itaonekana kama waridi kwa asiyeizoea, na baadhi ya watu hawaipendi. Lakini inasomeka.

Njia rahisi ya kukagua mpangilio mzima ni kupiga picha ya skrini na kuigeuza iwe ya kijivu tupu. Ikiwa katika picha hiyo ndege ya dharura bado inatangulia, ndege zilizo mikononi mwa mwongozaji zinafuata, za wenzake ziko nyuma, na ramani imelala chini ya zote, mpangilio unafaa. Ikiwa mpaka wa anga unang'aa kuliko ndege, haufai, hata kama rangi zake zinapendeza.

5. Ziwa Viktoria

Ukanda wetu una jambo ambalo mipangilio inayonakiliwa kutoka Ulaya haikulizingatia. Uwanja wa Entebbe uko kwenye ukingo wa ziwa lenye eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, na viwanja vya Kisumu, Mwanza, Bukoba na Musoma viko kando ya ziwa hilohilo. Katika skrini ya mwongozaji wa Entebbe anayetazama kusini, maji ndiyo mandharinyuma yenyewe. Kadhalika Bujumbura kwa Ziwa Tanganyika na Goma kwa Ziwa Kivu.

Mchora ramani wa kwanza hushawishika kulijaza ziwa kwa buluu kamili, kwa kuwa maji ni buluu. Tukokotoe. Lebo nyeupe juu ya buluu hiyo hupata 8.6, hivyo kwa siku za kawaida hakuna anayelalamika. Lebo nyekundu hupata 2.15. Ndege iliyotangaza dharura ikija Entebbe kutoka kusini, juu ya maji, lebo yake itakuwa hafifu kuliko ya ndege yoyote nyingine iliyo kwenye skrini. Kasoro ya namna hii hujificha miezi mingi na kujitokeza siku ile moja inapohitajika isiwepo.

Buluu, hata hivyo, haina haja ya kufukuzwa. Udhaifu wake katika maandishi ndio ubora wake katika mandharinyuma, mradi ikolezwe hadi karibu na weusi. Ziwa lenye viwango 20, 28 na 36 hutambulika kuwa ni maji likikaa kando ya nchi kavu nyeusi, na juu yake nyeupe hupata uwiano wa takribani 17, na ile nyekundu iliyoongezwa mwanga 6.7.

6. Macho yasiyofanana

Mwongozaji wa kweli hupimwa uwezo wa kutambua rangi kabla ya kupewa cheti cha afya cha Daraja la 3 kwa kanuni za ICAO. Mwongozaji pepe hapimwi na mtu yeyote. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takribani asilimia 8 wana upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni karibu nusu asilimia. Tafiti nyingi zimepata viwango vidogo zaidi kwa Waafrika, lakini si sifuri, na wengi wenye hali hii hawajui kuwa wanayo. Mpangilio unaotenganisha ndege iliyopokelewa na ile inayokabidhiwa kwa kijani na chungwa pekee huwafungia mlango watu hao kimyakimya. Miongozo ya mambo ya kibinadamu katika usafiri wa anga imeshikilia kwa muda mrefu kwamba rangi isiwe dalili ya pekee: iambatane na alama, maandishi au kumetameta. Hilo ndilo pendekezo ambalo washauri wa sera za mafunzo wangeweza kulichukua kwanza, kwa kuwa halihitaji fedha.

Vifaa navyo havifanani. Chumba cha rada kina taa zilizopangwa; mwanafunzi wetu ana kompyuta mpakato moja karibu na dirisha, na jua la saa nne asubuhi likiingia. Kwake mandharinyuma meusi kabisa ni kioo. Inafaa kila faili ya mafunzo iwe na mipangilio miwili, wa mchana na wa usiku, iliyokaguliwa kwa kipimo kilekile.

7. Majina ya rangi

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hupewa majina ya vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano kwa kiungo cha mapishi, zambarau kwa tunda. Wapo wanaouona huu kuwa upungufu. Kwa kazi tunayoijadili, ugumu uko kwingine: neno kukolea hubeba kwa pamoja wingi wa rangi na giza lake, ilhali mwalimu wa rada anahitaji kuyatenganisha hayo mawili. Tunapendekeza kukolea libaki kwa wingi wa rangi, na mwangaza uelezwe kwa kung'aa na kufifia. Sisi wenyewe hapo juu tumetumia kijivu kilichokolea kwa maana ya zamani, jambo linaloonyesha jinsi mazoea yalivyo na nguvu.

Faili ya anga humwezesha mwandishi kuipa rangi jina mara moja, kisha kulitumia jina hilo kila mahali. Wengi huandika jina la rangi yenyewe. Inafaa zaidi kuandika kazi yake: Ziwa, Mpaka, Njia, Dharura. Mstari unaotangaza kwamba Ziwa ni 2366484 waweza kubadilishwa kesho na mtu wa Kigali mwenye skrini tofauti, na jina likabaki kweli. Mstari uliosema Buluu utakuwa unadanganya tangu siku hiyo.