Majaribio ya Kupenya Mitandao ya Benki: Maana, Taratibu na Faida Zake

Benki ni ghala la amana. Mwenye kuweka fedha zake humo, awe mfanyabiashara mkubwa au mkulima wa karafuu, huziacha chini ya dhamana ya watu asiowajua, akiamini kwamba siku atakayozihitaji atazikuta. Zamani amana hiyo ililindwa kwa kuta nene, sefu za chuma na askari wa zamu. Leo sehemu kubwa ya fedha haimo ndani ya sefu. Ni hesabu zilizoandikwa katika kompyuta, na kompyuta hizo zimeunganishwa na nyengine zilizo mbali kwa njia ya mtandao. Kwa hivyo mwizi wa zama hizi hahitaji kuvunja mlango. Humtosha kupata ufa mmoja katika mtandao huo.

Makala haya yanafafanua njia mojawapo inayotumiwa na taasisi za fedha kuutafuta ufa huo kabla ya mwizi, nayo ni jaribio la kupenya mtandao.

Maana ya jaribio

Jaribio la kupenya ni shambulio la makusudi linalofanywa na wataalamu waaminifu, kwa idhini ya maandishi ya wenye benki, na kwa mbinu zile zile wanazotumia wadukuzi. Wataalamu hao hawaibi wala hawaharibu. Huingia kadiri wawezavyo, kisha huwaeleza wenye benki walipitia wapi.

Jambo hili lisichanganywe na ukaguzi wa kawaida. Mkaguzi huuliza kama milango imefungwa na hutazama daftari la funguo. Mjaribu huusukuma mlango wenyewe. Aidha, zipo programu zinazoweza kupitia mtandao mzima na kutoa orodha ya kasoro zinazojulikana. Programu hizo zina manufaa, lakini mara nyingi hutaja kila kasoro peke yake. Kutambua kwamba kasoro tatu ndogo zikiunganishwa zinaweza kumfikisha mwizi kwenye hazina ni kazi inayohitaji akili ya mtu.

Funzo la Bangladesh

Uzito wa suala hili ulidhihirika mwezi wa Februari 2016, pale Benki Kuu ya Bangladesh ilipoibiwa kwa njia ya mtandao. Kuanzia usiku wa Alkhamisi, tarehe 4, maagizo 35 ya malipo yenye jumla ya karibu dola milioni 951 za Marekani yalipelekwa kwa jina la benki hiyo kwenye Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, ambako Bangladesh iliweka akiba yake ya fedha za kigeni. Maagizo hayo yalipita katika SWIFT, mfumo ambao benki za dunia huutumia kupelekeana maagizo ya fedha, na kwa sura yalikuwa maagizo halali.

Mengi yalizuiliwa, lakini matano yalitekelezwa. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka ziliokolewa baada ya jina la mpokeaji kuonekana limekosewa tahajia. Dola milioni 81 zilifika Manila, nchini Ufilipino, na sehemu kubwa ikapotelea katika nyumba za kamari.

Wezi walizichagua siku kwa hesabu. Ijumaa ni mapumziko ya wiki nchini Bangladesh. Jumamosi na Jumapili ofisi za New York zimefungwa. Na Jumatatu ya tarehe 8 ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Ufilipino. Kwa muda wa siku nne, kila aliyebisha hodi alikuta mwenziwe hayupo.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wizi huo haukuanza siku ile. Wakuu wa Marekani walieleza mwaka 2018 kwamba barua za hadaa, zilizojifanya za mtu anayeomba kazi, zilipelekwa kwa wafanyakazi wa benki hiyo kiasi cha mwaka mmoja kabla. Polisi wa Bangladesh nao walieleza kwamba mtandao haukuwa na kizuizi cha kuchuja mawasiliano yanayoingia na kutoka, kwamba uliunganishwa kwa swichi kuukuu za bei ndogo, na kwamba kompyuta za SWIFT hazikutenganishwa na nyengine kama ilivyopasa. Printa iliyokuwa ikichapa taarifa za malipo moja kwa moja ilikutwa haifanyi kazi, na wafanyakazi wakadhani ni hitilafu ya kawaida.

Hizi si kasoro zinazohitaji elimu ya ajabu kuzigundua. Kompyuta zisizotenganishwa, vifaa dhaifu na mfanyakazi anayefungua barua asiyoijua ndivyo vitu ambavyo mjaribu huvitafuta mwanzo wa kazi yake. Benki isiyojijaribu hujaribiwa na wezi, na ripoti ya wezi huja ikiwa ni hasara.

Taratibu zinazofuatwa

Kwanza, hufungwa mkataba. Hati hiyo hutaja mifumo itakayojaribiwa na isiyoguswa, siku na saa za kazi, na ofisa wa kuarifiwa iwapo huduma itatetereka. Pili, wajaribu hukusanya habari za benki zinazopatikana kwa kila mtu: majina ya wafanyakazi, anwani za baruapepe, na mashine zinazoonekana kutoka nje. Tatu, hutafuta nyufa, kama vile programu zilizopitwa na wakati au maneno ya siri yaliyo mepesi. Nne, hujaribu kuingia, na wakishaingia hutazama wanaweza kufika wapi. Hatua hii ndiyo muhimu zaidi, kwani kompyuta ya mapokezi si hatari yenyewe. Hatari ni iwapo kutoka hapo mtu anaweza kuufikia mfumo wa malipo.

Majaribio mengine huanzia nje, kana kwamba mshambuliaji ni mgeni kabisa. Mengine huanzia ndani, kwa kuwa wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mengine huwapima watu, kwa kuwapelekea wafanyakazi barua za hadaa ili ijulikane wangapi watazifungua na wangapi watatoa taarifa.

Mwisho huandikwa ripoti inayopanga kasoro kwa uzito wake na kueleza dawa ya kila moja. Kasoro zikisharekebishwa, wajaribu hurudi kuhakikisha. Ripoti inayofungiwa kabatini bila ya matengenezo ni mbaya kuliko kukosa ripoti, kwani sasa ufa unajulikana na ipo karatasi inayoonyesha njia ya kuupita.

Hatua za nchi mbalimbali

Baadhi ya nchi hazikuliacha jambo hili kwa hiari ya benki peke yake. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilianzisha utaratibu uitwao CBEST, ambao wajaribu huiga mbinu za wahalifu wanaojulikana kuzishambulia taasisi za fedha. Benki Kuu ya Ulaya ilifuata mwaka 2018 kwa utaratibu wa TIBER-EU. Tangu tarehe 17 Januari 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya iitwayo DORA inazitaka taasisi kubwa zilizoteuliwa kufanya jaribio la namna hiyo, juu ya mifumo halisi inayotumika, angalau mara moja kila miaka 3. Kwa upande wa kadi za malipo, kanuni za kimataifa za PCI DSS zinataka jaribio la kupenya angalau mara moja kwa mwaka, na pia kila yanapofanyika mabadiliko makubwa ya mfumo.

Idhini ndiyo mpaka

Kinachomtenga mjaribu na mwizi si ujuzi, bali ni idhini. Katika Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa. Kijana anayejaribu mtandao wa benki ili aonyeshe ustadi wake, hata kama hakuchukua senti moja, anaweza kujikuta mbele ya hakimu.

Idhini yenyewe sharti itoke kwa mwenye haki ya kuitoa. Mwezi wa Septemba 2019, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, wajaribu wawili walioajiriwa na idara ya mahakama ya jimbo walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama, kwa kuwa wakuu wa wilaya hawakuwa na habari wala hawakukubali kwamba jimbo lilikuwa na mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo. Mashtaka yalifutwa Januari 2020, lakini funzo lilibaki.

Yanayompasa mteja kuyajua

Jaribio huonyesha hali ya mtandao kwa siku lilipofanywa. Programu mpya ikiwekwa kesho, au mfanyakazi akitoa neno lake la siri kwa simu, ulinzi hubadilika. Ndiyo sababu kazi hii hurudiwa, wala haimalizwi kwa cheti kinachotundikwa ukutani.

Aidha, wananchi wanapaswa kufahamu kwamba jaribio halali halihitaji nambari ya siri ya mteja. Mtu anayepiga simu na kusema kwamba benki inapima mitambo yake, kisha akaomba nambari ya siri ya kadi au ya akaunti ya simu, si mjaribu. Asipewe chochote, simu ikatwe, na benki iarifiwe kwa nambari yake inayojulikana au kwa kufika tawini. Waliopewa dhamana ya kulinda amana wana wajibu wao wa kuziba nyufa, na mwenye amana naye ana mlango mmoja ambao ufunguo wake uko mkononi mwake.