Mifumo endeshi tusiyoijua (3): Iliyokwisha kuingia Kariakoo

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wasomaji wa mfululizo huu wananiuliza jambo moja: kompyuta ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo, ambayo haikubali Windows 11, ifanyweje? Swali ni la haki. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, inataka na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine nyingi zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai zilitengenezwa kabla ya hapo. Jibu nitalitoa. Lakini anayeuliza hivyo mara nyingi anaamini kwamba nje ya Windows hakuna kitu, na imani hiyo ndiyo ninayotaka kuing'oa kwanza.

Makala mbili zilizotangulia zilihusu Unix na jinsi Linus Torvalds alivyoitangaza Linux akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, kwa hiyo sitayarudia hayo. Leo naitazama mifumo endeshi ambayo ni watu wachache wanaoitaja kwa jina. Baadhi yake iko Kariakoo tayari. Imeuzwa, imelipiwa na imebebwa hadi nyumbani, na aliyeibeba hana habari.

Chukua kasha la kompyuta mpakato mpya ya HP, zile za bei ya chini za mfululizo wa 250, usome karatasi ya sifa zake. Mara kwa mara, mahali pa mfumo endeshi utakuta pameandikwa FreeDOS. Ukiuliza ni nini, muuzaji atakuambia usijali, kijana wake "atakupigia window" sasa hivi, na kabla hujamaliza soda yako FreeDOS imeshafutwa. Mtengenezaji aliiweka humo ili aiuze mashine bila kulipia leseni ya Windows, na ndiyo maana bei yake imepungua.

FreeDOS ni kazi iliyoanzishwa na kijana mmoja, Jim Hall, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Wisconsin, Marekani. Alikuwa akiitumia MS-DOS kuchambulia vipimo vya maabara. Aliposikia kwamba Microsoft inakusudia kuizika, hakukaa akilalamika. Tarehe 29 Juni 1994 alitangaza kwamba ataandika DOS ya bure, akaomba wenzake wamsaidie, na wakajitokeza. Toleo la 1.0 lilikamilika mwaka 2006, yaani miaka 12 baadaye. Watu hao hawakulipwa, na leo jina la kazi yao liko kwenye makasha yanayoshushwa bandarini kwetu. Kwangu mimi hii ni moja ya habari nzuri kabisa katika historia nzima ya kompyuta, na inanisikitisha kuona kazi ya namna hiyo ikifutwa kwa dakika chache bila mtu hata kuiwasha.

Tena inafutwa ili kuweka nini? Mara nyingi Windows iliyomo kwenye flashi ya kijana yule haikulipiwa na mtu yeyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu na wimbo. Tunamlaani anayerudufu nyimbo za wanamuziki wetu na kuziuza kwenye flashi Mtaa wa Msimbazi, na tunasema anawanyonya. Dakika hiyo hiyo tunapigiwa Windows ya kukraki na kumshukuru fundi. Huo ni wizi ule ule. Na programu ya kukrakia yenyewe hatujui imeandikwa na nani wala imebeba nini, nasi tunaifungulia mlango wa mashine yenye hesabu za duka, barua za benki na picha za watoto wetu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wizi huu hauna hata ulazima. Vya halali na vya bure vimejaa.

Mfumo wa pili umejificha zaidi. Wasomaji wanamkumbuka Profesa Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit, Amsterdam, aliyeandika MINIX mwaka 1987 ili wanafunzi wake waone kwa macho yao jinsi mfumo endeshi unavyofanya kazi. Ni MINIX hiyo aliyoanzia Torvalds. Wengi wanadhani ilibaki darasani. Mwaka 2017 watafiti walibaini kwamba ndani ya chipu za Intel, kuanzia zile zilizoandamana na prosesa za kizazi cha 6 mwaka 2015, kuna kompyuta ndogo ya usimamizi inayoendeshwa na MINIX. Tanenbaum mwenyewe hakuwa ameambiwa. Aliiandikia Intel barua ya wazi, akaeleza kwamba leseni yake inawaruhusu, ila ungekuwa ungwana kumwarifu. Kwa hiyo kompyuta ya mtumba ya kizazi cha 6 au cha 7 iliyowekwa Windows ina mifumo endeshi miwili, na huo wa chini unaweza kuwa macho hata skrini ikiwa imezimwa. Mwenye mashine hakuuchagua, hawezi kuuona, na hana ruhusa ya kuugusa.

Wa tatu mmeushika mkononi. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye 4G na WhatsApp, kwa bei ya chini ya shilingi 50,000. Haikuwa Android. Ilikuwa KaiOS, mtoto wa Firefox OS ambayo Mozilla iliiacha kwenye simu baada ya kutangaza hivyo Desemba 2015. Msimbo ulikuwa huria, kwa hiyo wengine waliuokota wakaujengea simu za watu wa kipato kidogo. Wamachinga, mama lishe na wapagazi wa sokoni wakaingia intaneti kwa njia hiyo. Kisha Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na simu ambayo betri yake ilikuwa bado inakaa siku nzima ikapoteza sababu kubwa ya kununuliwa. Uamuzi ulifanyika mbali sana na Mtaa wa Aggrey, na hakuna aliyeulizwa maoni.

Hapo ndipo ninapofikia jambo ninalolibeba moyoni miaka yote hii. Nchi yetu ina historia ndefu ya kutumia mashine ambazo funguo zake wanazo wengine. Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, ICT 1500, ikafungwa Wizara ya Fedha. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta likaja kuvurugika, fedha zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo kibali maalumu. Marufuku hiyo ilianza kulegea miaka ya 1980. Vijana wakiisikia habari hii huicheka. Mimi siicheki, kwa sababu waliotoa amri ile waliona tatizo la kweli: mitambo ilinunuliwa nje, wataalamu walitoka nje, na ilipoharibika hapakuwa na Mtanzania wa kuifungua. Walichokosea ni dawa. Badala ya kuwafundisha vijana kuifungua mashine, waliifungia mlango mashine yenyewe, na kizazi kizima kikapitwa.

Miaka 30 baadaye dawa sahihi ilipatikana, na ilipatikana hapa Dar es Salaam. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 na kwa msaada wa fedha za Sweden, kilianzisha mradi wa Kilinux. Wataalamu wa lugha na wa kompyuta walikaa meza moja, wakaunda orodha ya istilahi, wakaanza kutafsiri programu huria. Desemba mwaka huo huo wakatoa Jambo OpenOffice: uandishi wa barua, majedwali ya hesabu na maonyesho, vyote vikizungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa hitilafu.

Nataka msomaji aelewe uzito wa jambo hilo. Programu ya ofisi ina maelfu ya vipande vya maneno, kila kimoja kimetengwa katika faili lake la tafsiri, na mtafsiri mara nyingi haoni kitajitokeza wapi kwenye skrini. Lazima atafsiri, ajenge programu upya, aijaribu, agundue kwamba sentensi imezidi upana wa kitufe, arudi mezani. Walifanya yote hayo, na hawakumwomba mtu ruhusa. Leseni ya OpenOffice.org, programu waliyoitafsiri, ilisema chukua, badilisha, gawa. Mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ilitangaza Kiswahili kwa Windows XP na Office, na ilikuwa hatua njema, lakini tofauti ni ya msingi. Kiswahili cha Windows kilikuwa mali ya Microsoft, ya kutoa na kuondoa. Kiswahili cha Jambo OpenOffice kilikuwa chetu.

Mwaka ule ulikuwa wa matumaini kila upande. Oktoba 2004 Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, Mwafrika wa kwanza kufika anga za juu, alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilimtumia diski bure kwa posta yeyote aliyeomba. Mfumo endeshi ulioanzishwa na Mwafrika ulikuwa unaingia kwenye masanduku yetu ya posta, na programu ya ofisi ya Kiswahili ilikuwa inatoka chuoni Mlimani. Vipande vyote vilikuwa mezani. Kilichobaki kilikuwa ni kuviunganisha na kuvipeleka shuleni.

Hatukuviunganisha. Tafsiri ya programu haimaliziki. Kila toleo jipya linaleta maneno mapya, na mwaka ukipita bila mtu wa kuyatafsiri, nusu ya menyu inarudi Kiingereza. Kazi kama hiyo inahitaji mishahara ya watu wachache kwa miaka mingi, na sisi tulizoea fedha nyingi za mfadhili kwa miaka michache. Baada ya hapo OpenOffice.org ikagawanyika na LibreOffice ikazaliwa mwaka 2010. Ukiingia leo katika hazina ya tafsiri za LibreOffice utakuta folda ya Kiswahili imewekewa alama sw-TZ. TZ hiyo ni Tanzania. Ulimwengu umetuhifadhia kiti, nasi tumeinuka tukaondoka.

Hii ni aibu, na haiponi kwa hotuba za kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha inayosherehekewa na UNESCO haiwezi kukosa watu watano wa kuajiriwa kuitunza ndani ya kompyuta. Jimbo la Kerala nchini India lilianza mradi wake wa IT@School mwaka 2001, ambao leo unaitwa KITE, na shule zake za serikali zinafundisha kwa mfumo wao wa GNU/Linux wenye lugha yao ya Kimalayalam. Kerala si tajiri kama Ulaya. Iliamua tu kwamba mtoto wa shule asifundishwe kuwa mteja wa kampuni moja kabla hajajifunza kompyuta yenyewe.

Sasa swali lenu. Mwenye mashine ya biti 64 na RAM ya GB 4 aweke Linux Mint au Lubuntu. Aijaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, ahakikishe WiFi, sauti na printa vinafanya kazi. Mwenye mashine kongwe ya biti 32 atumie Debian 12, maana Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Mfanyabiashara ambaye hesabu zake ziko ndani ya Tally au programu nyingine ya Windows pekee asikurupuke: ajiandikishe kwa masasisho ya ziada ya usalama ambayo Microsoft inayatoa kwa muda maalumu, na muda huo autumie kupanga. ReactOS, inayojaribu kuendesha programu za Windows bila Windows, bado iko katika hatua ya majaribio ya awali, hivyo msiitegemee kwa kazi. Haiku, mrithi wa BeOS, ni nyepesi na nzuri mno, nami nimeitengea makala nzima ijayo.

Ombi langu ni moja. Nakala za Jambo OpenOffice za mwaka 2004 na 2005, pamoja na orodha za istilahi zilizochapwa wakati ule, bado ziko kwenye makabati ya baadhi yenu: walimu, wanafunzi wa zamani wa Mlimani, wenye steshenari. Msizitupe. Zipelekeni Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mliofanya kazi katika mradi ule mjitokeze, kwa sababu folda ya sw-TZ iko wazi na inapokea tafsiri hadi leo.